Nimeanguka somo moja na chuo hakitaki kunionyesha karatasi yangu. Je, niende kortini?

SWALI: Assalaam aleykum wakili. Nasoma mwaka wa nne katika chuo kikuu cha umma hapa Mombasa. Matokeo yametoka nami nimeanguka somo moja. Majaribio ya darasani nilipata 24 kwa 30, mtihani mkuu nikapewa 11 kwa 70. Jumla ni 35, na kwetu kupita ni 40. Mtihani wenyewe niliandika mpaka nikaomba kijitabu cha pili. Nimekwenda idarani nikaambiwa Seneti ya chuo imeshapitisha matokeo na karatasi hazionyeshwi wanafunzi. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya mahafali. Nataka kuwashtaki, na wenzangu wananiambia nimwanike mwalimu Facebook. Nianzie wapi? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam, mwanangu. Kuanguka mwaka wa mwisho, na nyumbani washaanza kuulizia tarehe ya mahafali, ni jambo zito. Kesi unaweza kufungua. Lakini ukiifungua wiki hii, kuna uwezekano mkubwa itatupwa kabla jaji hajafika kwenye alama zako, na hilo ndilo nataka tulizuie.

Fahamu kwanza kwamba jaji hasahihishi mitihani. Katika kesi ya Daniel Nyongesa na wenzake dhidi ya chuo cha Egerton, rufaa nambari 90 ya mwaka 1989, Mahakama ya Rufaa ilisema korti hazina hamu ya kuendesha vyuo vikuu, ila zitaingilia pale ambapo ni wazi kuwa uamuzi umefanywa bila mtu kusikilizwa kwa haki. Kwa hivyo ukisimama kortini kudai kwamba jibu lako la swali la tatu lilistahili alama 15 badala ya 6, umeshindwa, kwa sababu hayo ni maoni ya mtaalamu wa somo. Ukionyesha kwamba swali la tatu halikusahihishwa kabisa, au alama zilijumlishwa vibaya, au chuo kilivunja kanuni zake chenyewe, hapo jaji atakusikiliza.

Ndiyo maana hiyo 11 yako na hicho kijitabu cha pili vimenishughulisha kuliko mengine yote uliyoandika.

Fikiria safari ya karatasi. Jalada la kijitabu huwa na jedwali: nambari za maswali, alama za mtahini wa ndani, alama za mtahini wa nje, na jumla chini. Mwalimu husahihisha ndani, hunakili alama za kila swali jaladani, hujumlisha, kisha jumla hiyo huandikwa kwenye fomu ya alama na baadaye kuingizwa kwenye kompyuta. Mkono wa binadamu unagusa namba hiyo mara kadhaa, na popote unapogusa, kosa linaweza kuingia. Kijitabu cha pili nacho hufungwa kwa uzi nyuma ya cha kwanza. Uzi ukilegea wakati mafungu yanahamishwa kutoka ukumbini, vijitabu vinaachana, na msahihishaji anakutana na kimoja peke yake. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako. Mwanafunzi mwenye 24 kwa 30 anaweza kweli kuharibu mtihani mkuu. Lakini aliyejaza vijitabu viwili akatoka na 11, mimi ningetaka kujua kama vyote viwili vilifika mezani. Andika leo hii, ukiwa bado unakumbuka: uliomba kijitabu cha pili baada ya muda gani, msimamizi yupi alikupa, nani alikaa karibu nawe, ulijibu maswali gani katika kila kijitabu. Orodha ya mahudhurio uliyotia sahihi nayo ni ushahidi, hasa kama nambari za vijitabu ziliandikwa humo.

Sasa andika barua mbili.

Ya kwanza ni rufaa ya ndani, kwa msajili wa masomo, nakala kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo. Soma kanuni za mitihani za chuo chako usiku huu, kwa sababu muda wa kukata rufaa huwa mfupi na mara nyingi kuna ada. Tofautisha mambo mawili unayoomba: kuhesabiwa upya alama, na kusahihishwa upya na mtahini mwingine. Omba yote mawili kama kanuni zinaruhusu, na taja kijitabu cha pili waziwazi. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hii huwezi kuiruka: Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, kifungu cha 9, inamkataza jaji kusikiliza kesi kabla njia za ndani hazijaisha, isipokuwa kwa sababu zisizo za kawaida. Hapa ndipo kesi nyingi za wanafunzi hufia. Humo humo omba sababu za uamuzi kwa maandishi. Chuo kikikataa kuzitoa, kifungu cha 6 kinamruhusu jaji kuchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu ya maana, hadi chuo kithibitishe vinginevyo.

Ya pili ni ombi la kupata nakala ya karatasi yako, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo. Chuo kina siku 21 kukujibu, na kikinyamaza, kimya hicho kinahesabiwa kuwa kimekataa. Hapo una siku 30 kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, hii tunayoiita Ombudsman. Lile neno la idarani kwamba karatasi hazionyeshwi ni mazoea ya ofisi, na mazoea hayaishindi sheria. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2011 kwamba mtahiniwa ana haki ya kuona karatasi yake iliyosahihishwa, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2017 ikasema majibu ya mtahiniwa na maoni ya msahihishaji ni data zake binafsi. Jaji wa Mombasa halazimiki kuzifuata, ila wakili wako anaweza kumwekea mbele.

Wakati unasubiri, chunga kalenda. Ombi la kutaka uamuzi ubatilishwe kwa njia ya Amri ya 53 ya kanuni za kesi za madai (Civil Procedure Rules) lazima lifike kortini ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Ombi la kikatiba halina ukomo kama huo, lakini ukichelewa bila sababu litakuumiza.

Mtihani wa marudio ukiitishwa, ufanye. Najua wengi huona kuufanya ni kukiri wameanguka. Andika barua fupi kwamba unaufanya bila kuacha rufaa yako, kisha ingia ukumbini. Kesi inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na sitaki ukae nyumbani muda wote huo kwa ajili ya somo moja.

Ukifika kortini, usitarajie jaji kukupa 40. Anaweza kufuta uamuzi na kuurudisha chuoni ufanywe upya kwa haki, au kuamuru karatasi itolewe. Amri ya kukuingiza kwenye mahafali kabla kesi kusikilizwa ni ngumu sana kupata. Gharama za kesi nazo anaweza kubebeshwa aliyeshindwa, kwa hivyo subiri kuiona karatasi kwanza.

Kuhusu Facebook, tafadhali usithubutu. Bado hujui kosa ni la nani, na ukimtaja mwalimu kwa jina atakushtaki yeye kwa kumharibia sifa.

Kama huna pesa za wakili, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na shirika la Kituo cha Sheria zina ofisi Mombasa. Nenda na barua zako zenye mihuri, kanuni za mitihani, matokeo yako, na yale maelezo ya kijitabu cha pili.