Nairobi si mji ulio juu kuliko yote

Kuna wanaosema Nairobi ndio mji ulio juu kuliko yote Kenya. Hapana ndugu, sivyo. Hapa katikati ya jiji tuko kama mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini Eldoret ni karibu 2,100, na Nyahururu inapita 2,300. Kisumu, licha ya ziwa lake, bado ina zaidi ya mita 1,100.

Tena Nairobi yenyewe haiko sawa. Ardhi inateremka kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana Embakasi, upande wa mashariki, kuna joto huku watu wa Dagoretti, upande wa magharibi, wakivaa sweta. Panda matatu ya Limuru, juu zaidi, kwenye baridi ya Julai, utaniambia! Na maharagwe yanachelewa kuiva hapa kuliko Mombasa kwa sababu huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, si 100 kama kule pwani.