Pevingi zetu za plastiki zinatoka na matundu, tunakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha vijana Morogoro, tunayeyusha plastiki tunachanganya na mchanga tunafyatua pevingi. Zinatoka na matundu, zingine zikidondoka zinakatika kama biskuti. Tunatumia zaidi chupa za maji maana ndo zimejaa mtaani.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongereni sana. Kosa kubwa umeshalitaja mwenyewe, ni hizo chupa. Chupa ya maji ni plastiki aina ya PET, inayeyuka kwenye nyuzi 250 na kitu, dumu linayeyuka kwenye 130 hivi, sasa mkitia vyote pipa moja dumu linakuwa uji chupa bado ni vipande, mnaongeza moto, dumu linaanza kuungua, moshi mweusi, na plastiki ikishaungua haishiki tena mchanga. Na hata hiyo PET ikiyeyuka haichanganyikani na wenzake, ikipoa inakuwa ngumu ya kukatika.

Fanyeni hivi: kata kipande cha chupa, chukua na kizibo chake, tumbukiza vyote kwenye ndoo ya maji. Kizibo kitaelea, kipande kitazama. Vinavyoelea ndo vyenu, madumu, ndoo zilizopasuka, vizibo, kwenye kitako utaona namba ya aina ya plastiki, 2, 4 au 5. Isipokuwa yale maboksi meupe mepesi ya kubebea chakula, hayo yanaelea ila msiyatie.

Na nakuomba sana, namba 3 isiguse moto wenu, yani mapaipu ya PVC na maganda ya nyaya za umeme. Ile inatoa gesi ya asidi inayounguza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata kidogo. Yeyusheni nje penye upepo, mkae upande upepo unakotokea.

Matundu sasa. Hayo ni maji. Mchanga ukiwa na unyevu, ukikutana na plastiki ya moto yale maji yanageuka mvuke yanatafuta pa kutokea, ndo shimo hilo. Chekecheni mchanga, mkaange kwenye bati mpaka uache kutoa mvuke kabisa, halafu mmimine kwenye plastiki iliyoyeyuka ungali wa moto, maana mchanga wa baridi unagandisha plastiki kabla haijazunguka kila punje. Madumu mliyoosha nayo yakauke vizuri.

Kipimo anzieni kilo moja ya plastiki kwa kilo tatu za mchanga, na mpime kwa mizani sio kwa ndoo, plastiki ni nyepesi ndoo itawadanganya. Shindilieni ikiwa ya moto na msiitoe kwenye kalibu mpaka ipoe.

Chupa msizitupe, zikusanyeni muuze kwa kilo kwa wanaonunua chupa, zinasagwa zinatengenezwa nyuzi za vitambaa na vitu vingine, hiyo hela inunue mizani. Fyatueni kumi tu kwanza, kesho yake mzidondoshe toka usawa wa kiuno, ikikatika angalieni ndani pale ilipovunjika, mkiona punje za mchanga zimekaa tupu bila plastiki jueni mchanga ulikuwa wa baridi au umezidi.