Kujenga Lua 5.4 kwa Nix: angalia inatafuta wapi moduli

Ndugu wa Tandahimba, umesema skripti yenu ya kujumlisha kilo za korosho inakubali kwenye kompyuta ya ghalani na inagoma ya ofisini, ingawa Lua (lugha ya programu) zote mbili zimejengwa kwa faili moja la Nix (zana ya kujenga na kusakinisha programu). Kwenye msimbo wa chanzo wa Lua, fungua `src/luaconf.h`. Utakuta `LUA_ROOT` imeandikwa `"/usr/local/"`. Interpreta (programu inayoendesha skripti) imekaa ndani ya `/nix/store`, ghala la Nix, lakini `require`, amri ya kuita moduli, inakwenda kutafuta moduli `/usr/local/share/lua/5.4`. Mashine yenye moduli huko inafanya kazi, isiyo nayo inagoma.

Lua haina `configure`, kwa hiyo hakuna `--prefix` ya kuipa. `INSTALL_TOP=$out` inaelekeza tu faili zinakiliwe wapi; njia iliyokwisha kukompailiwa ndani ya programu haiguswi. Weka hii kwenye `postPatch`, hatua ya faili la Nix inayotangulia kukompaili:

```
substituteInPlace src/luaconf.h \
  --replace-fail '"/usr/local/"' "\"$out/\""
```

Nashauri hii kuliko `sed`, kwa sababu `sed` isipokuta maneno hayo hukaa kimya na ujenzi ukaendelea. Hii inasimamisha kazi palepale.

`buildFlags` iwe `linux`. Hapo `-Wl,-E`, inayowezesha moduli za C kuona majina ya ndani ya Lua, inaingia yenyewe. Ukiandika amri zako za kuunganisha ukaisahau, moduli za C zitalalamika `undefined symbol: lua_...`. Onyo la `ar` (zana inayofunga maktaba ya `liblua.a`) kwamba `u` imepuuzwa kwa sababu ya `D` liache lilivyo: `D` ndiyo inayofuta tarehe ndani ya `liblua.a`, na tunaitaka.

Sha256 (namba ya kuhakiki faili) ya chanzo cha Lua usiichukue kwenye ujumbe wa kosa la Nix. Ukurasa wa kupakulia wa lua.org unaionyesha kwa kila toleo. Nakili heksa hiyo moja kwa moja kwenye `fetchurl`. Nixpkgs (mkusanyiko wa vifurushi vya Nix) nayo ifunge kwa `fetchTarball` yenye sha256, la sivyo kompaila itabadilika chini yako bila wewe kugusa kitu.

Kisha pima:

```
nix-build
nix-build --check -K
env -i result/bin/lua -e 'print(package.path, package.cpath)'
```

Amri ya pili inajenga upya na kulinganisha; matokeo yakitofautiana, nakala ya `.check` inabaki, uipitishe kwenye `diffoscope`, zana ya kuonyesha tofauti za faili. Ya tatu ionyeshe `/nix/store` na `./` tu. Nimeweka `env -i` kwa sababu `LUA_PATH` (kigeu cha mazingira kinachobadilisha njia ya moduli) iliyosahaulika kwenye `.bashrc` huharibu kipimo chote. Kwa kazi za kila siku, `lua -E` inapuuza vigeu hivyo.

Jambo moja halitibiwi na Nix: `pairs`, inayopitia jedwali la Lua, haina mpangilio. Lua 5.4 huchanganya saa na anwani za kumbukumbu kila inapoanza, kwa hiyo orodha ya wakulima inaweza kutoka kwa mpangilio tofauti kila mara. Kusanya funguo, zipange kwa `table.sort`, ndipo uchapishe.

Kama bando la ofisini halitoshi, tumia flashi:

```
nix copy --to file:///media/flash/lua ./result
```

Hii inabeba Lua pamoja na glibc (maktaba ya C) inayoitegemea. Upande wa pili tumia `nix copy --from` na njia kamili ya `/nix/store`. Nix itadai saini: tengeneza ufunguo kwa `nix-store --generate-binary-cache-key`, saini kwa `nix store sign -r` kabla ya kunakili, na ufunguo wa umma uuweke kwenye `trusted-public-keys` ya mashine inayopokea. `--no-check-sigs` nayo inapitisha, lakini flashi inayozunguka mikononi mwa watu wengi siiamini kiasi hicho.