Madoa kwenye Majani ya Mimea ya Ndani

SWALI: Ninatunza monstera moja na drasena mbili sebuleni. Kwa kuwa niliambiwa kwamba mimea ya nchi za joto hupenda unyevu, huinyunyizia maji majanini kila jioni. Sasa majani yametoka madoa ya kahawia yenye ukingo wa njano, nayo yanazidi kupanuka. Nimepiga dawa ya shaba, lakini madoa yako palepale. Je, nibadilishe dawa?

JIBU: Kabla ya kufikiria dawa nyingine, tafadhali acha kuyanyunyizia majani maji. Dalili ulizoeleza zinalingana na ugonjwa wa kuvu, na spora zake, yaani chembe ndogo mno zinazoueneza, kwa kawaida huota pale tu jani linapokaa limelowa kwa saa kadhaa mfululizo. Maji ya jioni, yasiyopata jua wala upepo wa kuyakausha, huzipa spora hizo usiku mzima wa kuota. Ni kweli kwamba mimea hiyo hupenda unyevu, ila ni unyevu wa hewani, si maji yaliyotuama juu ya jani. Mwagilia udongo asubuhi, na uitenganishe mimea ili hewa ipite kati yake.

Dawa ya shaba haikukosea. Kazi yake ni kulinda sehemu ambazo bado ni nzima. Doa ni sehemu ya jani iliyokwisha kufa, na hakuna dawa itakayoirudishia rangi ya kijani. Pima mafanikio kwa majani mapya: yakichipua safi, umeushinda ugonjwa. Ukilazimika kupiga tena, fuata maelekezo ya kibandiko na ujaribu kwanza kwenye jani moja, kwani shaba huweza kuunguza majani machanga.

Majani yaliyoathirika sana yakate, ukiufuta mkasi kwa spiriti kila baada ya kukata, na uokote yaliyodondoka chunguni, maana spora hubaki humo. Yenye doa moja au mawili yaache, kwa sababu mmea ulionyang'anywa majani mengi kwa mara moja hudhoofika zaidi. Madoa yakiwa mororo, yenye majimaji na harufu mbaya, huenda tatizo ni bakteria. Hapo utenge mmea huo mara moja.

Mmea wowote mpya nao ukae peke yake wiki mbili au tatu, ukikagua majani yake juu na chini, kabla ya kuuweka karibu na mingine.