Klarineti ya mwanafunzi inapiga yowe na noti za chini hazitoki: usikimbilie kubadili pedi

Mkuu, umetaja mambo matatu: klarineti ya plastiki ya binti inapiga yowe, noti za chini hazitoki, na kiungo cha kati (pale kipande cha juu kinapoingia cha chini) kinacheza. Fundi anataka kubadili pedi zote 17 (vile vitakia vinavyoziba matundu). Msimamishe kwanza. Kiungo kinachocheza kinaweza kuleta hayo mengine yote.

Anza na ridi (ule ulimi wa mwanzi unaotetema mdomoni), maana ndiyo rahisi. Weka mpya, ugumu wa namba 2 au 2.5. Iliyopasuka nchani haina dawa.

Yowe likibaki, pima uvujaji. Shika kipande cha juu peke yake, ziba matundu matatu ya mbele na la gumba kwa vidole, ziba chini kwa kiganja, kisha fyonza hewa. Mdomo wako unatakiwa unate kwa sekunde kadhaa. Usiponata, kata karatasi ya sigara upana wa milimita 5 (toa ule ukingo wenye gundi), iweke chini ya pedi, funga polepole uivute. Rudia pande zote nne za pedi. Inapoteleza bila kukamatwa, ndipo hewa inapotoka.

Vipande vyote viwili vikiwa vizima, lakini vikiunganishwa noti zinakufa, tatizo ni daraja: vile vimkono viwili vinavyokutana pale katikati. Cha juu hulala juu ya cha chini, na kati yao kuna kijipande cha koki (ile ya kizibo cha chupa). Koki hiyo ikidondoka, pedi ya juu haifungi sawasawa; jaribu gumba na vidole vya shahada vya mikono yote miwili, noti ya E bemoli (E iliyoshushwa nusu) itatoka mbovu. Koki ikiwa nene mno, au mkono umepinda, wa juu unaukandamiza wa chini, na pedi ya pete za chini inabaki wazi kidogo. Hapo noti zote za chini hazitoki. Na kiungo kikilegea, daraja linahama kila mtoto anaposogeza mkono. Wengi hulipinda wakati wa kuunganisha: bonyeza pete za kipande cha juu kwanza ili mkono wake uinuke, ndipo uzungushe.

Koki ya kiungo: kwangua ya zamani yote, futa mfereji inamokaa kwa spiriti (thina itakula plastiki). Kata koki ya milimita 1.5, upana wa mfereji, urefu wa mzunguko na sentimita 1 ya kupandiana. Chonga mshazari ncha itakayolala chini. Paka gundi ya viatu nyembamba kwenye koki na kwenye mfereji, subiri ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo uizungushe, maana ikishashika hairudi. Kesho yake punguza kwa utepe wa msasa laini, ukivuta huku na huku kama mng'arisha viatu, ukijaribu kiungo kila mara. Malizia na grisi ya koki. Vaseline hapana, polepole hulegeza gundi. Kama ana onyesho kesho, mizunguko 2 au 3 ya ile tepu nyeupe ya mafundi bomba inatosha.

Pedi inayonata, hasa ya G diyezi (G iliyopandishwa nusu), ni unyevu tu: bana karatasi ya sigara, achia, rudia. Usitie poda, hugeuka tope kwenye pedi.

Springi iliyochomoka irudishwe kwa sindano ya kroshia. Pwani chumvi huzila haraka, kwa hiyo tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya pini, kwenye springi na maungio ya funguo tu, lisiguse pedi. Skrubu inayojifungua, itie rangi ya kucha kichwani.

Pedi ikibidi kubadilishwa kweli, toa ufunguo kwanza ndipo upashe moto kikombe chake. Kiberiti karibu na plastiki ni msiba.

Na kitambaa cha kukaushia kiwe chembamba: ndani ya kipande cha juu kuna kijibomba cha ufunguo wa rejista (ule wa gumba unaopandisha noti juu) kilichojitokeza, kinene hunasa hapo. Kikinasa, kivute kilikotokea, usisukume kwa kijiti.