Dirisha la jirani na chumba unachotaka kuongeza
Ndugu, kwa kuwa dirisha la jikoni la jirani yako huko Migosi, Kisumu, linatazama mahali ukuta wa chumba chako kipya utakaposimama, anza na bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini: mwite mpima ardhi mwenye leseni azitafute, maana ua wa kayaba mara nyingi haufuati mpaka wenyewe. Kisha uliza dirisha hilo limekuwapo tangu lini. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kinasema kwamba jengo lililofaidi mwanga na hewa kwa miaka 20 mfululizo, kwa amani, kwa uwazi na kama haki (yaani bila kuomba ruhusa), huweza kujipatia kabisa haki ya kuendelea kupata mwanga na hewa hiyo, hata kama wewe unajenga ndani ya kiwanja chako. Kwangu mimi, hili ni zito kuliko ramani yenyewe, na wengi hulisahau. Idhini ya kaunti ni ya lazima chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, lakini haifuti haki ya jirani. Tafadhali mwonyeshe mchoro kabla fundi hajachimba msingi, na gata ya paa lako imwage maji upande wako.