Sindano nyekundu ya kemo: mkono ukiwaka, aseme papo hapo

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama ni kweli ile sindano nyekundu ya kemo (dawa za kuua seli za saratani) atakayoanza mama wiki ijayo inachoma nyama na kuharibu moyo, na kama ni heri aikatae. Mimi si daktari. Nilichomwa sindano hiyohiyo mizunguko minne, miaka sita iliyopita, kwa saratani ya titi. Hayo mawili uliyosikia yana ukweli, na bado ningempeleka mama yangu mwenyewe akachomwe, mradi anajua cha kuangalia.

Dawa yenyewe ni doksorubisini; kwenye karatasi yake huenda ikaandikwa Adriamycin. Asili yake ni bakteria wa udongoni, na ule wekundu ni wake, si rangi iliyotiwa. Inajipenyeza kwenye DNA ya seli ili isiweze kugawanyika. Haichagui sana, ndiyo maana nywele, utando wa mdomo na uboho unaotengeneza damu huumia pamoja na saratani.

Nianze na kuchoma nyama, kwa sababu hapo mgonjwa mwenyewe ana kazi ya kufanya. Dawa hii hupita ndani ya mshipa wa damu tu. Haichomwi kwenye msuli wala chini ya ngozi. Ikivuja nje ya mshipa hubaki kwenye nyama na kuendelea kuila, na kidonda kinaweza kuja kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, wakati umeshasahau.

Mzunguko wangu wa pili, nesi aliweka kanula, kimrija cha kupitishia dawa mshipani, mgongoni mwa mkono. Akaketi kando yangu akawa anasukuma dawa taratibu, huku dripu ya maji ya chumvi ikishuka pamoja nayo. Kila baada ya mililita chache anasimama, anavuta kidogo kuona kama damu inarudi, kisha anaendelea. Tulipofika karibu nusu ya bomba la sindano nikahisi kama tone la mafuta ya moto limeniangukia, lakini kwa ndani ya ngozi. Nikanyamaza. Nilimwona ana wagonjwa wengi wanamsubiri, nikajiambia dawa kali haikosi kuuma. Sijui ilipita nusu dakika au zaidi, ndipo nikasema, "Nesi, hapa panawaka."

Alisimamisha pale pale. Hakuichomoa kanula kwanza: aliunganisha bomba tupu la sindano akavuta nje alichoweza kuvuta, ndipo akaitoa. Akachora kwa kalamu kuzunguka sehemu iliyovimba, akaniwekea barafu iliyofungwa kitambaani, mkono ukainuliwa juu ya mto, daktari akaitwa. Nyumbani niliendelea na barafu dakika 20, mara nne kwa siku, kwa siku tatu. Kilichovuja kilikuwa kidogo. Ngozi ilibabuka, ikabaki baka jeusi kama punje ya haragwe ambalo ninalo hadi leo. Wapo waliofikia kukatwa nyama na kuwekewa ngozi nyingine.

Kwa hiyo mwambie mama, kabla hajaketi kwenye kile kiti, kwamba akihisi kuwaka, kuvuta, kuchomachoma au kuvimba, aseme hapo hapo hata kama nesi amekasirika. Kuna wakati mshipa unaonyesha mstari mwekundu unaowasha bila kuuma, na huo hutulia wenyewe muda mfupi baadaye. Lakini kutofautisha ni kazi ya nesi, si yake. Ipo pia dawa ya kuzuia madhara ya kuvuja, deksrazoksani, ambayo inatakiwa ianze ndani ya saa 6. Uliza mapema kama wanayo. Mishipa yake ikiwa myembamba, uliza pia kuhusu poti, kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Napo maumivu yakitokea wakati wa sindano lazima aseme.

Jambo moja nalisisitiza: asikandwe kwa maji ya moto. Mimi ndugu walitaka kunikanda kwa mapenzi kabisa. Joto hufungua mishipa midogo na kuisambaza dawa kwenye nyama zaidi. Kinachochanganya watu ni kwamba vinkristini, dawa nyingine ya kemo, ikivuja hutibiwa kwa joto. Msichukue ushauri wa mgonjwa mwenzenu ambaye dawa yake ni nyingine.

Usiku wa kwanza atakojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa. Mwambie mapema, maana mimi nililia chooni nikidhani ni damu. Huisha kwa siku moja au mbili. Wewe unayemhudumia vaa glavu unapogusa mkojo, matapishi au mashuka yaliyochafuka, kwa siku tano hadi saba baada ya kila sindano. Mashuka hayo yafuliwe peke yake. Aliye mjamzito asishike kabisa.

Kilichokaribia kuniondoa mimi ni homa. Chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha hupanda hadi kufikia siku ya 21, ambapo mzunguko mwingine huanza. Siku ya 11 usiku nilisikia baridi, kipimajoto kikasoma 38.3. Nilitaka kumeza panadol nilale. Mume wangu akakataa, tukaondoka usiku huohuo. Panadol ingeshusha homa huku maambukizi yakiendelea kimyakimya. Nunueni kipimajoto leo. Kikifika 38 hakuna kusubiri asubuhi: nendeni, na mkifika mlangoni semeni neno la kwanza kabisa kwamba yuko kwenye kemo, kwa sababu antibayotiki inatakiwa kuanza ndani ya saa moja.

Sasa moyo. Madhara yake hufuata jumla ya dawa mtu aliyopata maishani, hayahesabiwi upya kila mwaka. Dozi hupigiwa hesabu kwa ukubwa wa ngozi ya mwili mzima, kwa mita za mraba. Jumla ikifika miligramu 300 kwa mita ya mraba, hatari ya moyo kudhoofika ni asilimia 1 hadi 2. Ikifika 450 ni asilimia 5 hadi 8, na kwenye 500 inaweza kufika hata 20. Mimi nilipata 60 mara nne, yaani 240. Ndiyo maana hupimwa eko ya moyo, picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo unavyosukuma damu, kabla ya kuanza; kama hawajaitaja, iulizeni. Mama akiwa na presha, ugonjwa wa moyo, au aliwahi kupigwa mionzi ya kifua, asifiche hata kidogo, maana kikomo chake hushuka. Damu ya kupima ini nayo isirukwe, kwa kuwa ini ndilo linaloitoa dawa hii mwilini, na likiwa dhaifu dozi hupunguzwa. Dawa za mitishamba anazotumia azitaje zote.

Moyo unaweza kuchelewa kulalamika hata kwa miaka. Akianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi alizozizoea, au miguu kuvimba, arudi akapimwe hata kama kemo ilishaisha zamani. Mimi nina daftari dogo: tarehe, jina la dawa, miligramu, jumla mpaka siku hiyo. Muuguzi akimaliza nilikuwa namwomba anisomee, naandika mbele yake. Nikibadilisha daktari naanza kwa kulifungua.

Mnunulie mama la kwake kabla ya wiki ijayo. Akishachomwa, njoo utuambie mkono unaendeleaje.